Uzi: Bare ya chini ya ordi, namna ya kuona haraka programu gani iko wazi (watu wa birotiki Goma, Bukavu, L'shi njooni)

fundi_himbi (Goma)

Salama ba ndugu wote. Nafungua huu uzi juu ya ile bare ya chini ya ekra, pale ikone za programu zinapangwa. Wengi wanaona ni kitu kidogo, lakini sisi wenye tunaishi na birotiki (biro ya kuandikia na kuprintia watu) inatukulia muda kila siku, na inaniuma ju dawa iko ndani ya mashini yenyewe, ya bure, haiombi hata mega moja.

Shida iko hivi. Ukiangalia pale chini kwenye Windows 11, Word iko pale, Chrome iko pale, Excel iko pale, dosiye ya manjano iko pale. Gani iko wazi na gani imekaa tu inangoja ubonyeze? Alama yenyewe ni kamstari kadogo chini ya ikone, keupekeupe ao kijivu. Ile programu yenye unatumia sasa kamstari kake kanakuwa karefu kidogo na kanapata rangi, zingine kanabaki kafupi. Basi, ni hiyo tu. Kwenye ekra ya okazio yenye mwangaza umeshachoka, na dirisha la birotiki linaangalia barabara, jua la saa nane linapiga, hauone kitu.

Sasa fikiria mashini ya saisie yenye watu watatu wanapokezana kiti. Asubuhi dada anaandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya mwanafunzi, anaenda kula, kaka anakaa, mteja mwingine anafika na flashi anataka impression ya CV haraka ju koneksio ya umeme haiko ya kuaminika. Yule wa pili hajue wa kwanza aliacha nini wazi. Anabonyeza njia ya mkato ya Chrome, dirisha lingine linafunguka juu ya yale yenye yako tayari. Na huyu wa tatu pia. Kwenye mashini ya Go 4 ya RAM saa kumi haiendi tena, wananipigia simu "fundi, njoo kuna virusi". Hakuna virusi, ni madirisha yenye watu hawayaone.

Kingine kibaya zaidi ni flashi. Mteja amemaliza, anataka kuondoka, wanabonyeza kutoa flashi, Windows inakataa, inasema kifaa bado kinatumika. Wanatafuta wapi? Hawaone kitu, kila kitu kinaonekana kimefungwa. Anavuta flashi kwa nguvu. Kumbe fishiye yake ilikuwa bado wazi kwenye Word, imekaa nyuma ya fishiye ya mtu mwingine, zote zimefichwa chini ya ikone moja tu ya bluu. Hivyo njo fishiye zinaharibikaka, na mwanafunzi analia na chapitre yake.

Zamani haikuwa hivi. Windows 95 ilipotoka mwezi wa 8 mwaka 1995, njo ilileta hii bare, na kanuni yake ilikuwa nyepesi: kila dirisha lenye liko wazi linapata kifungo chake na jina lake limeandikwa. Kitu hakiko wazi, hakiko kwenye bare. XP mwaka 2001 ikaanza kurundika madirisha ya programu moja pamoja pale bare inapojaa. Halafu Windows 7 mwaka 2009 ikachanganya kila kitu: ikone zenye umepachika (zinakaa pale hata programu haiko wazi) na programu zenye ziko wazi zikakaa msitari mmoja, majina yakafichwa. Windows 11 ilipotoka mwezi wa 10 mwaka 2021 ikaondoa hata ile nafasi ya kurudisha majina, watu walilalamika dunia nzima, wakairudisha mwaka 2023. Kwa hiyo mwenye anasema "Windows 11 haiwezekane" anaongea habari ya zamani, kama mashini yako imepata MAJ (mise à jour) ya 2023 kuja huku, iko nayo.

Mimi nafanyaka hivi kwa kila mashini ya birotiki, na kanuni yangu ni moja: PROGRAMU HAIKO WAZI, ISIONEKANE KWENYE BARE.

Kwanza naondoa zote zenye zimepachikwa. Bonyeza kwa kuume juu ya ikone, chagua "Détacher de la barre des tâches". Word, Excel, Chrome, duka la Microsoft, barua pepe, zote. Njia za mkato zinabaki kwenye Bureau, pale ndipo mtu anafungulia. Sasa bare ikiwa tupu, maana yake hakuna kitu wazi. Ikiwa na ikone tatu, vitu vitatu viko wazi. Hata mtoto wa masomo ya msingi anaelewa, hauitaji tena kuchunguza kamstari. Kuacha zenye zimepachikwa na zenye ziko wazi pamoja ni kama muuzaji wa Birere aanike nguo zenye zimeshalipiwa katikati ya zenye bado zinauzwa, kila saa atakuwa anauliza hii ni ya nani.

Pili narudisha majina. Windows 11: Paramètres, Personnalisation, Barre des tâches, unashuka mpaka "Comportements de la barre des tâches", pale kuna "Combiner les boutons de la barre des tâches et masquer les étiquettes", unaweka "Jamais". Kama una ekra mbili kuna chaguo ya pili chini yake kwa ekra ingine, usiisahau. Windows 10 ni njia ile ile, Paramètres, Personnalisation, Barre des tâches, unatafuta "Combiner les boutons", unaweka "Jamais". Pale pale kila fishiye ya Word inapata kifungo chake, na jina lake.

Tatu naondoa vyenye vinakula nafasi: ile sanduku kubwa ya kutafuta naificha (ukibonyeza tufe, touche, la Windows kwenye klaviye na ukaanza kuandika inatafuta tu), Widgets naizima, na kile kifungo cha "Vue des tâches" pia. Nafasi inabaki ya madirisha.

Nne, na hii watu hawaifikirie, ni majina ya fishiye. Kifungo kinaonyesha mwanzo wa jina, mwisho unakatwa. Kama fishiye zote zinaitwa "TFC chapitre 1 ya Furaha", "TFC chapitre 2 ya Amani", pale chini utasoma "TFC chapi…", "TFC chapi…", "TFC chapi…". Umerudi pale pale. Weka jina la mteja mbele: "Furaha TFC ch1", "Amani TFC ch2", "Neema CV". Ukitupa jicho pale chini unajua kazi ya nani iko wazi, na mteja mwenyewe anasimama nyuma yako anaona jina lake pale, anajua bado haujamufungia.

Leteni na zenu njia, hasa mwenye anatumia kitu kingine kuliko Windows.

mama_katindo (Goma)

Aksanti sana fundi, hii umeandika ni maisha yetu kabisa. Mimi niko na mashini ya zamani ekra yake ile ya mraba, nimeweka "Jamais" kwenye Windows 10, lakini madirisha yakikuwa mengi vifungo vinajaa, vingine havionekane tena, vinatokea vishale vidogo pembeni. Sasa nifanye nini, nirudishe kama zamani?

fundi_himbi (Goma)

Hapana mama, usirudishe. Kwenye Windows 10 una bahati kuliko wenye Windows 11. Bonyeza kwa kuume mahali patupu pa bare, ondoa alama kwenye "Verrouiller la barre des tâches", kisha weka suri kwenye ukingo wa juu wa bare, ikigeuka kishale cha pande mbili unavuta juu kidogo. Bare inakuwa na mistari miwili. Ekra ya mraba iko na urefu wa kutosha, msitari mmoja wa ziada hauta kusumbua kwa kuandika. Ukimaliza rudisha ile "Verrouiller" ili mtu asiisukume bila kujua.

Windows 11 haina hii ya mistari miwili. Vifungo vikijaa vinabanana kwanza, halafu vyenye vinabaki vinaingia kwenye vitone vitatu pale mwisho, unabonyeza unaviona.

kadutu_numerique (Bukavu)

Fundi naheshimu kazi yako lakini kwa kuondoa zote zenye zimepachikwa sikubali. Mimi niko Bukavu, nafanya komputabilite, mashini ni yangu mwenyewe. Nimepachika Excel ya kwanza, Chrome ya pili, dosiye ya tatu, na nafungua kwa klaviye: tufe la Windows pamoja na 1, Excel, Windows na 2, Chrome. Namba inafuata nafasi ya ikone kwenye bare, na kama programu iko wazi tayari haifungue ingine, inakupeleka pale pale kwenye dirisha lake. Kwa hiyo ile shida ya kufungua mara mbili mbili haiko. Ukiondoa zenye umepachika, namba zinakuwa zinabadilika kila siku kulingana na ulifungua nini kwanza.

Na kuna kingine. Mwenye anataka kuacha madirisha yamerundikwa, abonyeze ikone huku ameshikilia Ctrl, anapelekwa moja kwa moja kwenye dirisha la mwisho alilotumia la ile programu, akibonyeza tena anapita kwa lingine. Hakuna haja ya kungoja zile picha ndogo zitokee.

fundi_himbi (Goma)

Mukubwa uko na haki kwa mashini ya mtu mmoja. Mwenye anajua klaviye yake, apachike, Windows na namba ni ya haraka sana na hata mimi natumiaka kwangu. Lakini uzi nimeuanza kwa ajili ya mashini yenye inakaliwa na watu wengi, na wengi wao wanafundishwa kazi palepale, wiki mbili ao tatu wanaenda. Hao hawata kumbuka namba. Wanaangalia na macho. Kwa macho, bare yenye iko na vitu vyenye viko wazi peke yake ndiyo inasomeka.

Njia ya katikati iko: pachika, lakini weka "Jamais" kwa majina. Kwenye mpangilio huo, yenye imepachikwa bila kufunguliwa inabaki ikone kavu, na yenye iko wazi inapata jina pembeni. Tofauti inaonekana mbali: yenye iko na maandishi iko wazi. Kwa biro ya mtu mmoja mimi njo hiyo nashauri.

kadutu_numerique (Bukavu)

Hiyo ya katikati nimeiweka sasa hivi na kweli inasomeka. Nakubali, kwa mashini ya wengi kanuni yako ndiyo bora.

katuba_leo (Lubumbashi)

Bandugu ba Goma jambo. Huku L'shi batu bengi beko na Windows 11 sasa. Mi natumiaka Windhawk, ni programu ya bure, kodi yake iko wazi kwa kila mutu kuiangalia, na ndani yake unachaguaka vipande vidogo vidogo bya kubadirisha Windows. Kuko kipande kimoja kinaitwa "Taskbar Labels for Windows 11". Kale kamstari kenye fundi anaongelea, pale unaweza kukafanya kajae upana wote wa kifungo, ao kakae upande wa kushoto. Pia upana wa kifungo chenyewe unauweka vile unataka. Mi nimeweka kamstari upana wote, na rangi ya machungwa yenye inawaka, mbali kabisa unaona gani iko wazi.

Byote haiombi mega mingi, ni kitu kidogo. Ila mukumbuke: Windows ikipata mise à jour kubwa, mara ingine bile bipande binaacha kutumika mpaka benye kubitengeneza babisahihishe. Kwa hiyo kwa mashini ya kazi ya kila siku muweke kwanza ile ya fundi, ya ndani ya Windows, Windhawk ikuye ya juu.

fundi_himbi (Goma)

Aksanti ndugu wa L'shi, hiyo ya mwisho ndiyo kabisa. Mashini ya birotiki haipaswi kutegemea kitu chenye kinaweza kulala asubuhi moja wateja wakiwa wamejaa.

Kuhusu rangi, hata bila Windhawk unaweza kusaidia macho. Paramètres, Personnalisation, Couleurs. Weka hali ya "Sombre" kwa Windows, halafu kwenye "Couleur d'accentuation" chagua rangi kali, ya manjano, ya machungwa ao kijani ya kuwaka, usichague bluu ya giza. Kamstari ka programu yenye unatumia kanachukua ile rangi. Acha bare yenyewe iwe nyeusi, usiipake ile rangi, ju ukiipaka yote kamstari kanakosa kitu cha kusimamia. Na zima "Effets de transparence" pale pale: picha ya nyuma haipenye tena kwenye bare, ikone zinasimama vizuri, na mashini dhaifu inapumua kidogo.

yaya_wa_virunga (Goma)

Naomba kuuliza kwa niaba ya papa. Ni mutu wa komputabilite tangu zamani, macho yake hayatofautishe vizuri nyekundu na kijani, na kwa hiyo hizi habari za rangi hazimusaidie sana. Anafungua fishiye moja ya Excel mara na mara, kisha anachanganyikiwa gani ni ya leo. Naona aibu kila mara kumusahihisha mbele ya watu wa biro.

fundi_himbi (Goma)

Yaya, hapo njo majina yana nguvu kuliko rangi. Rangi inasaidia wengine na kuacha wengine, lakini maandishi yanasomwa na kila mwenye anasoma. Umuwekee "Jamais", na majina ya fishiye aanze na tarehe ao mwezi, kwa mfano "06 Juni kaisi". Atasoma tu, hatalinganisha rangi.

Kama na maandishi ni madogo kwake, Paramètres, Accessibilité, "Taille du texte", unakuza maandishi peke yake bila kukuza kila kitu. Na kuna "Thèmes de contraste" pale pale. Hizo zinabadilisha ekra yote, mipaka ya vifungo inakuwa mistari mikali, dirisha lenye linatumika linaonekana bila kubahatisha. Lakini ujue kwamba zile za giza zinageuza hata ukurasa wa Word na Excel kuwa mweusi kwenye ekra, impression inabaki kawaida, ila mtu wa zamani inaweza kumushtua. Jaribu ile yenye inaitwa "Désert", ni ya mwanga, ukurasa haugeuke mweusi. Kwa Windows 10 inaitwa "Contraste élevé" na iko kwenye "Options d'ergonomie".

Na umufundishe papa kitu kimoja cha klaviye, kimoja tu: Alt na Tab. Ashikilie Alt, agonge Tab, madirisha yote yenye yako wazi yanatokea makubwa katikati ya ekra na majina yao. Kabla ya kufungua fishiye, kwanza Alt na Tab. Hakuna mtu wa biro atahitaji kumuambia kitu.

yaya_wa_virunga (Goma)

Mungu akubariki fundi. Hii ya Alt na Tab nitamufundisha leo jioni nyumbani, polepole.

mint_ndosho (Goma)

Mimi niongee kwa wenye mashini za zamani. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na ordi nyingi za okazio zenye zinaingia mjini, Core i3 ao i5 za kizazi cha nne, cha sita, Windows 11 haizikubali rasmi, inaomba TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashini) na kwa Intel kizazi cha nane kwenda juu. Mimi nimeweka Linux Mint (ya bure, inachukua nafasi ya Windows), na kwa habari ya huu uzi kuna jambo la kujua.

Mint yenye Cinnamon (Cinnamon, Xfce na KDE ni sura tofauti za ekra ya Linux) ilikuwa na majina kwenye bare, lakini tangu 19.1, mwezi wa 12 mwaka 2018, wakaleta ile ya ikone zenye zimerundikwa. Kurudisha ni rahisi: bonyeza kwa kuume kwenye bare, fungua "Applets", ondoa ile ya orodha yenye imerundikwa, weka "Liste des fenêtres". Imeisha. Kila dirisha kifungo chake na jina lake. Mwenye mashini dhaifu zaidi achukue Mint ya Xfce, ile ina mpangilio wa kuonyesha majina na wa kusema usirundike hata siku moja. Na wenye KDE, tangu Plasma 5.20 ya mwaka 2020 inakuja na ikone peke yake, unabonyeza kwa kuume kwenye ile orodha, unachagua "Afficher les alternatives", unachukua ile yenye majina.

Mambo ni yale yale kila mahali, wote walifuata njia ya kuficha majina ili ionekane safi. Ni safi kwa picha, kwa kazi haisaidie.

signers_23 (Goma)

Kwa wenye Mac: chini ya ikone kuna kitone kadogo kwa programu yenye iko wazi. Kama hauone kabisa, angalia kwenye mipangilio ya Dock (ile bare ya ikone ya Mac), kuna alama ya kuonyesha vitone kwa programu zenye ziko wazi, labda mtu aliizima. Na mujue kwenye Mac ukifunga dirisha kwa kile kitufe chekundu programu nyingi zinabaki wazi, kitone kinabaki. Kuifunga kweli ni Cmd na Q.

birere_print (Goma)

Niongeze kitu chenye hakijaguswa. Kuna programu zenye hazionekane kwenye bare kabisa hata ziko wazi, zinajificha pale karibu na saa, chini ya kale kashale. Kwangu ilikuwa ni ile ya kushika mashini kutoka mbali, fundi mwingine aliiacha wazi, na OneDrive (ya Microsoft, inapeleka fishiye kwenye intaneti) yenye ilikuwa inakula mega za forfait kimya kimya, mwisho wa siku mega zimeisha na hakuna mwenye anajua zimeenda wapi. Fundi unafanyaka nini na hizo?

fundi_himbi (Goma)

Umefanya vizuri kuileta, hii ni nusu ya kazi yenye wengi wanaisahau. Kanuni ni ile ile: yenye iko wazi ionekane.

Windows 10: Paramètres ya barre des tâches, shuka mpaka kwenye "Zone de notification", kuna sehemu ya kuchagua ikone gani zionekane, na juu yake kuna "Toujours afficher toutes les icônes". Washa ile. Kale kashale kanapotea, zote zinatoka nje karibu na saa. Windows 11 haina ile ya kuwasha zote mara moja, unaingia "Autres icônes de la barre d'état système" unawasha moja moja. Washa zote. Ikitokea mpya siku ingine, rudi uwashe.

Halafu angalia kila moja, uliza: hii inatufanyia kazi gani? Haina kazi, bonyeza kwa kuume, "Quitter". Kisha Ctrl, Shift na Esc, inafungua Gestionnaire des tâches, sehemu ya "Démarrage", unaizuia isijianze yenyewe asubuhi. Hasa zile za kushika mashini kutoka mbali, ba ndugu, birotiki inapitisha pasipoti, diplome, akte za kuzaliwa za watu. Mashini yenye mtu anaweza kuiingilia bila wewe kuona ikone yake, hiyo si ya kuacha.

mwana_kyeshero (Goma)

Ya ekra pana nayo: mwenye Windows 10 na ekra ndefu ya laptop, weka bare upande wa kushoto. Paramètres za bare, "Position de la barre des tâches sur l'écran", "Gauche". Halafu fungua "Verrouiller" na uivute iwe pana kidogo. Majina yanapangika moja chini ya lingine kama orodha, yanasomeka yote mpaka mwisho, na yanaingia mengi kuliko kwa chini. Ekra za 1366 kwa 768 zina upana mwingi na urefu kidogo, kwa hiyo ukihamisha bare pembeni hata ukurasa wa Word unapata msitari wa ziada. Windows 11 hii haimo kwenye mipangilio yake ya kawaida, njo moja ya sababu sijabadilisha.

mama_katindo (Goma)

Fundi, mistari miwili imekubali, ekra yangu inasomeka vizuri sana, na ile ya kuweka jina la mteja mbele nimeianza leo, wateja wenyewe wameipenda. Sasa niko na mashini sita, na kila moja ina konti mbili, ya wafanyakazi na ya wateja wa intaneti. Nitafanya hii kazi kwa kila konti? Na zingine ziko na ile programu ya kurudisha mashini kama ilivyokuwa kila ukiizima.

fundi_himbi (Goma)

Ndiyo mama, mpangilio wa bare ni wa konti, hauvuke kwenda kwa ingine. Lakini haulazimike kupitia Paramètres kila mara. Ingia kwenye konti, fungua "cmd" (dirisha la kuandikia amri), bandika huu msitari:

reg add HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced /v TaskbarGlomLevel /t REG_DWORD /d 2 /f

Ile 2 maana yake "Jamais". 1 ni pale bare inapojaa, 0 ni kurundika kila mara. Kama una ekra ya pili, rudia msitari ule ule lakini mahali pa TaskbarGlomLevel andika MMTaskbarGlomLevel. Ukimaliza toka kwenye konti na urudi, itakuwa imeshika. Uuweke kwenye fishiye ya maandishi kwenye flashi yako, unazunguka nao mashini zote. Kuondoa zenye zimepachikwa utafanya na mkono, ni kazi fupi.

Kwa zile zenye zinajirudisha zenyewe, kama ni Deep Freeze, ukibadilisha bila kuiyeyusha kwanza kesho asubuhi kila kitu kimerudi kama zamani. Shikilia Shift, bonyeza mara mbili ikone yake karibu na saa, weka neno la siri, chagua ianze ikiwa imeyeyuka, washa upya, fanya mabadiliko kwa konti zote mbili, kisha uigandishe tena. Chagua siku umeme uko imara, ju ikikatika katikati utaanza upya. Neno la siri likikosekana uniandikie huku ndani, tuone nani aliweka ile programu.